Nimechagua Garratt

Kichwa kidogo kinachovuta treni zangu za mfano hakina kosa, ila ukikifungia mabehewa mengi ya mizigo na kukielekeza kwenye ule mlima wa upande wa dirisha, magurudumu yanazunguka pale pale. Nahitaji kichwa kikubwa cha mvuke. Wiki hii karibu kila jioni nimekuwa nikiliwaza hilo.

Vilibaki viwili, vyote vya Reli ya Afrika Mashariki: aina ya 31 iliyotoka kiwanda cha Vulcan Foundry, na Garratt ya aina ya 59. Ile 31 ni nzuri kweli, nyembamba, na kuiunda si kazi kubwa. Akili ilikuwa inaniambia nichukue hiyo kwa sababu ni fupi. Reli yangu yote imekaa kwenye plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, na kona zina nusu kipenyo cha sentimita 45.

Lakini kwenye kona, kinachosumbua zaidi ni fremu isiyopinda. Ile 31 ina magurudumu manane ya kuvuta yaliyoshikwa kwenye fremu moja. Garratt ina injini mbili, moja chini ya tangi la maji la mbele, nyingine chini ya tangi la mafuta la nyuma, na boila limebebwa katikati yao. Kila injini inajigeuza yenyewe. Herbert William Garratt aliomba hataza ya mpango huo mwaka 1907, na ndio huo uliotufaa huku: reli ya upana wa mita moja, yenye kona nyingi, inayopanda kutoka baharini Mombasa hadi zaidi ya mita 1,600 Nairobi. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza 34 za aina ya 59 mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Hakuna kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hicho kilichowahi kupita kwenye reli ya mita moja, popote duniani. Nikilitaja hilo moyo unanijaa.

Jana nilikata kadibodi. Mita 31.7 za Garratt halisi, kwa uwiano wa 1:87, ni sentimita 36. Nilikata vipande vitatu, nikaviunganisha kwa pini, nikavisukuma taratibu kuzunguka reli nzima. Injini zilifuata kona bila shida. Boila ndilo lililokata kona kwa ndani, kama milimita 6, likagusa ukingo wa handaki. Basi mdomo wa handaki nitaupanua, na nguzo ya taa ya stesheni itasogea. Hayo ni ya Jumamosi moja.

Faida nyingine ni umeme. Magurudumu 16 ya kuvuta, achilia mbali yale madogo, yote yanaweza kuchota umeme kutoka relini, kwa hiyo hata kwenye makutano machafu hakitakwama. Mota nitaweka mbili, na madini ya risasi nitayajaza kwenye matangi yote mawili, maana uzito lazima ukae juu ya magurudumu yanayovuta.

Nitaunda namba 5918, Mount Gelai, rangi ile ya damu ya mzee. Hiyo iko hapa hapa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, kwa hiyo nikikwama kwenye mabomba ya ubavuni naenda na futi yangu napima mwenyewe.