Waridi jepesi kwa joto la kaskazi

Nyumbani kwetu Mombasa nguo ya shughuli haivaliwi kabla haijafukizwa. Nimekua nikijua manukato ni udi, ambari na miski, vitu vya kuingia navyo mahali watu wakageuka. Nilipoanza kazi ya ofisini niliendelea hivyo hivyo, mpaka Februari mwaka jana. Kaskazi imekolea, chumba chetu cha watu sita kina dirisha moja, mwenzangu akaniita kando. "Dada, nisamehe. Kichwa kinanigonga tangu asubuhi, nadhani ni mafuta yako." Alisema kwa upole na nilijua ni kweli. Miezi hiyo joto letu hufika nyuzi 32 na zaidi, hewa imejaa unyevu, na ngozi yenye joto huyarusha manukato kwa haraka. Tone lilelile linalotulia Julai, Februari linajaza chumba.

Kuacha kabisa sikuweza. Sijioni nimevaa kama sijajitia harufu. Nikaanza kutafuta waridi, na sababu ni mrashi wa bibi yangu. Ni wa fedha, shingo ndefu, kichwani una vitundu vidogo. Siku za maulidi sisi watoto tulikuwa tunajisogeza ili turashiwe: maji ya waridi yanakupiga baridi shingoni, harufu inapanda mara moja, na kabla hujaishiba imeshaondoka. Hiyo ndiyo niliyoitaka, ila ikae kidogo zaidi.

Chupa ya kwanza niliinunua kwa pupa. Duka lina kiyoyozi, muuzaji kanipulizia kwenye kijikaratasi, nikanusa waridi safi kabisa, nikalipia mililita 100. Kesho yake asubuhi nimesimama kwenye foleni ya feri Likoni, jua limeshapanda, waridi halipo tena. Kilichobaki ni vanila na sukari, kama sharbati iliyomwagika ikakauka kwenye nguo. Waridi lilikuwa la juu tu, lile linaloruka dakika za mwanzo. Chini yake waliweka utamu mzito, na jasho ndilo lililoutoa. Nilivumilia siku tatu nikampa binamu yangu anayeishi Limuru kwenye baridi. Yeye anaipenda mpaka leo.

Nikajaribu maji ya waridi yale ya jikoni, ya kutia kwenye kaimati na halua. Niliyaweka kwenye friji, nikawa najipuliza usoni nikitoka kuoga. Raha yake haielezeki, lakini dakika kumi hayapo. Ni maji hasa, mafuta yake ni chembe tu.

Wakati huo nilinunua pia shada la waridi la Naivasha, nipate harufu halisi ya kulinganishia. Nilitia pua katikati ya ua na sikupata ila harufu ya majani mabichi. Waridi letu la kuuza Ulaya limechaguliwa kwa urefu wa shina na siku litakazokaa kwenye chombo. La uturi ni jingine, waridi la Damasko, linalolimwa Kazanlak kule Bulgaria, Isparta nchini Uturuki, Taif kule Saudia, na milima ya Jabal Akhdar Oman. Huchumwa alfajiri kabla jua halijaiba mafuta yake, na kilo moja ya mafuta hutaka petali tani 3 hadi 4 hivi. Tangu nilipojua hilo, mtu akiniambia ana mafuta halisi ya waridi kwa bei ya soda, namshukuru nashika njia.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mwenye kiduka cha mafuta Mji wa Kale. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya ofisi na kichwa cha mwenzangu. Hakunipa karatasi. Alinipaka tone mkono wa kulia, jingine kushoto, akaniambia, "Usinipe jibu sasa, mwanangu. Zunguka juani, urudi baada ya alasiri." Nilikwenda Marikiti, nikanunua ndimu na bizari, nikatoka jasho la haki. Niliporudi mkono wa kulia ulikuwa umekuwa sabuni. Wa kushoto ulikuwa bado waridi, limepungua sauti, na ukali kidogo wa ganda la ndimu lililomenywa sasa hivi. Chini yake, ukisogeza pua mpaka iguse ngozi, kulikuwa na mbao kavu. Alisema ni mwerezi. Akanipimia nusu tola, yaani kama gramu sita, nikaenda nayo nyumbani nikaijaribu wiki nzima, safari hii bila pupa, ndipo nikarudi kuagiza ile ya kupuliza.

Matumizi nayo nilijifunza. Naoga, najipaka losheni isiyo na harufu wakati ngozi ingali na maji, kisha napuliza mara mbili tu: kisogoni chini ya mtandio, na upindo wa ndani wa abaya. Sipulizi mikononi panapopigwa na jua, kwa sababu mafuta ya maganda ya ndimu yanaweza kuunguza ngozi ikikutana na jua kali na kuacha mabaka meusi. Kwapa siligusi. Kichupa cha mililita 5 nakibeba mkobani, najiongezea kidogo baada ya adhuhuri. Chupa kubwa inakaa kabatini ndani ya boksi lake, kwani joto na mwanga huharibu manukato.

Udi sijauacha. Kusi ikianza na usiku ukapoa, chetezo kinatoka.

Mwenzangu wa ofisini amelipenda waridi hili hata akaniomba. Nilimmiminia kidogo Ijumaa. Jumatatu kaja nalo, nikanusa mkono wake: ndimu imepanda, waridi silioni kabisa. Ngozi yake imelipokea vingine. Jumamosi tunakwenda pamoja kwa mzee, na nimeshamwambia avae viatu vya kutembelea.