Safari ya Urambo kuhesabu miche iliyokufa

Nimetoka Kigoma alfajiri basi limeshona, kwenye njia ya katikati magunia ya dagaa, konda anapita juu yake kama mbuzi, mi mzigo wangu daftari tu na kabegi ka nguo. Nilikuwa naenda Urambo kwa babu kuhesabu miche ya mninga, tulipanda 40 miaka miwili iliyopita, na mwezi wa tisa mwaka huu akanipigia "mjukuu wangu yote imekauka, njoo tupande alizeti tu". Niliumia jamani.

Siti ya pembeni alikaa dada mmoja anasoma mambo ya mimea, tukaanza stori baada ya Uvinza vumbi lilipozidi tukafunga madirisha. Akaniambia yeye anasomea vichipukizi vya kwenye vilima vya mchanga vya ufukweni, huko vinahangaika kuliko mininga yangu. Marekani pale Point Reyes, kaskazini mwa San Francisco, kuna kammea kanaitwa lupini ya Tidestrom, kapo kwenye orodha yao ya mimea inayolindwa tangu 1992. Mchanga wa juu mchana unaunguza, maji yanapita kama kwenye chekeche, kwa hiyo mbegu ikishaota ina siku chache tu za kushusha mzizi mpaka kwenye ubichi wa chini, mvua ikikata hapo katikati imekula kwake. Na kama haitoshi kuna majani yaliletwa kutoka Ulaya, yamekuwa maficho ya panya, wanatoka humo wanakula mbegu! Nikacheka, akasema kaka usicheke, na Tabora kwenu si mchanga mchanga tu? Kweli bwana.

Daraja la Kikwete pale Malagarasi tulilivuka nimesinzia. Kaliua tulikula mahindi ya kuchoma.

Urambo nimefika jioni, shikamoo babu, marahaba, chai na michembe, asubuhi shambani. Babu akaanza kulalamika mvua ya mwezi wa kumi na moja, ilipiga siku tatu watu wakakimbilia kupanda, ikakata wiki mbili na ushee, mahindi yote yakarudiwa. Zamani ikianza imeanza, anasema. Nikafika kwenye mistari ya mininga, nikaona kitu chekundu chekundu chini ya kijiti kikavu, nikainama, chipukizi! Hatua tatu mbele lingine.

Jirani yake anayefuga nyuki akaja akatucheka sana. Kumbe mninga ukiwa mdogo ndivyo ulivyo, kila kiangazi kashina kanakufa juu, mzizi unabaki chini unanenepa, mvua zikija unatoa kashina kapya, unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina la kudumu. Sasa nikamkumbuka yule dada wa kwenye basi, maana mche wa mchangani una siku chache na huu una miezi michache, ila mvua ikichelewa na kukatakata ni kilekile, muda wa mzizi kunenepa ndo unaliwa, mche unabaki mtoto miaka mingi zaidi na kila mwaka kuna moto na mbuzi.

Nikahesabu. 17 imechipua. 12 sioni kitu, labda imekufa kweli labda bado. Na ile 11 nikamuuliza babu iko wapi, akakaa kimya kwanza, akasema aling'oa mwezi wa tisa akajua imekufa, alitaka kusafisha shamba. Mmoja ulikuwa bado umetupwa kwenye rundo la takataka, shina kama njiti ya kiberiti, mzizi mnene kuliko kidole changu.

Sikumsema, ningemsemaje babu yangu wakati mi mwenyewe kwenye simu nilimwambia sawa ng'oa. Tukakata vijiti, tukachomeka kimoja kimoja pembeni ya kila mche hata ile 12, ili kiangazi kijacho mtu asije na jembe. Nikamwambia na barabara ya moto, ule ukanda usio na majani wa kuzuia moto, tulime kuzunguka, akasema ngoja kwanza wale mbuzi wa jirani.