Usiende kwa nyuki na ndizi

Jamani juzi nlikua Muheza kwa mjomba angu anafuga nyuki, nimeshika ndizi mbivu naelekea mizingani akanifokea "we mtoto, tupa hiyo!" Mzee hajasoma baiolojia popote ila yuko sahihi, nyuki akichoma anaachia harufu ya kuita wenzake waje kushambulia na kemikali yake kubwa ni isopentili asetati, ndo hiyohiyo inayonukia kwenye ndizi mbivu 😂😂

Afu sasa ubongo wenyewe wa nyuki, mdogo kuliko punje ya mchele lakini una seli za neva karibu milioni 1!! Vipapasio vinanasa harufu vinapeleka kwenye vifundo vya neva kama 160 hivi ndani ya ubongo, kila harufu inawasha vifundo vyake, hapo ndo anatofautisha ua na hatari, kisha kuna sehemu ina umbo la uyoga ndo inamsaidia kukumbuka. Na ule moshi mjomba anaowapulizia nyuki mzingani unavipunguzia vipapasio nguvu ya kunusa harufu ya hatari, wanatulia (sio wote lakini, mkono wangu shahidi). Asali ninayo hapa Tanga mjini, anaetaka aje inboksi