Tulilipua mabakuli 23 kabla ya kupata akili

Nilipojitolea kusimamia wanafunzi wenzangu tutengeneze mabakuli ya kuchangisha pesa za wenye njaa, maishani nilikuwa nimefinyanga kikombe kimoja tu, nacho kilivuja.

Mpango wenyewe si wetu. Ulianzia Marekani mwaka 1990, kwa mwalimu wa sanaa na wanafunzi wake wa sekondari. Mgeni anatoa mchango, anachagua bakuli, anapewa supu na mkate, kisha anaondoka na bakuli lake likae kabatini tupu, limkumbushe wasio na cha kutia.

Kufinyanga hakukutusumbua. Walioshindwa na gurudumu la kufinyangia walilaza ubamba wa udongo ndani ya bakuli la plastiki lililotandikwa gazeti, basi.

Kasheshe ilikuwa tanuri. Kila aliyewahi kushika udongo alituambia: kandeni hadi hewa iishe, hewa ndiyo inayopasua. Tukakanda mpaka viganja vikawaka moto. Tukapanga mabakuli 32, na kwa haraka tuliyokuwa nayo tukapandisha moto mara moja. Haikupita muda tukasikia pu! Kimya. Halafu pu, pu, pu, kama bisi kwenye sufuria. Tulipofungua kesho yake, mazima yalikuwa tisa, na moja lilikuwa limejaa vigae vya jirani yake.

"Hewa hiyo," wakasema tena wajuzi wetu. Hewa gani? Maji! Udongo unaweza kuonekana mkavu kumbe ndani una unyevu. Ukipata moto wa ghafla, unyevu unageuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unavunja ukuta.

Awamu ya pili tuliyakausha polepole chini ya nailoni, zaidi ya wiki, kisha nikawa naliweka kila moja shavuni. Likiwa na ubaridi, bado halijakauka. Wenzangu walicheka eti nayabusu. Nikayabusu yote! Usiku kucha tanuri likakaa chini ya nyuzi 100, mlango wazi kidogo, asubuhi ndipo tukapandisha hadi kama 1000. Halikupasuka hata moja.

Ah, na yafinyangeni makubwa kuliko mnavyotaka, udongo hunywea.

Kwenye moto wa pili, wa glezi (ule mpako unaoyeyuka ukawa kama kioo), moja liling'ang'ania rafu kwa sababu kuna mtu hakupangusa glezi kitakoni. Tulilibandua kwa patasi, kipande cha kitako kikabaki rafuni. Siku ya mchango mabakuli yaliisha kabla ya supu, ikabidi ninywee supu yangu kwenye hilohilo. Linayumba, lakini halivuji.