Nilivyoipandisha 404 ya marehemu baba mpaka Lushoto bila kuchemsha

Niseme kabisa kabla sijaulizwa, ndiyo, nilishaambiwa niitoe injini niweke ya Toyota. Nimeambiwa na mafundi watatu, na shemeji yangu, na konda mmoja wa daladala ambaye hata sikumuuliza. Gari yenyewe ni Peugeot 404 saluni, rangi ya maziwa iliyochujuka, aliiacha marehemu baba, na mke wangu anaiita mke mwenzangu maana anasema Jumamosi nzima niko kwake, namuogesha, namsikiliza anavyokohoa, na hela ya mboga naimega nampelekea yeye.

Kwa asiyeijua, hii gari ilitoka 1960, umbo lake walichora Waitaliano wa Pininfarina, nyuma ina mapezi kama papa, gia iko kwenye usukani, na ukifunua boneti unaikuta injini imelala ubavu nyuzi 45 kama mzee aliyejiegesha kwenye mkeka baada ya pilau. Mbele kuna tundu la hendeli, betri ikifa unaichapa kwa mkono inawaka. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa Ngamiani wazee wakiiona tu stori inahamia kwenye mashindano ya magari ya Safari, yale ya Afrika Mashariki, maana gari hii ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati aliyeshika usukani ni Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania. Mwaka 1968 mvua ilipiga mpaka magari yaliyomaliza yakawa 7 tu. Hapo mzee mmoja lazima aigonge bodi na kifundo cha kidole, aseme "hii chuma hii", anasahau kwamba alipogonga yeye ndo chuma imebaki, kushoto kwake ni pati, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bodi, niliyoipaka mwenyewe.

Maana Tanga hapa chumvi haina huruma. Upepo wa baharini unakula gari kimyakimya, unaona rangi imevimba kama upele, ukiibonyeza kidole kinaingia. Sakafu ya upande wa abiria iliisha kabisa, mke wangu alikuwa ananyanyua miguu tukipita kwenye dimbwi, mpaka nikachomelea bati. Mlango wa kushoto nyuma ukikata kona ya kulia unafunguka wenyewe. Taa ya ndani inawaka inapojisikia. Vyote hivyo nilivizoea, na kusema kweli vingine navipenda, yaani nikipanda gari ya mtu isiyonuka petroli hata kidogo naona kama nimekaa benki.

Kilichokuwa kinanitesa ni kuchemsha. Ukitoka Pongwe kwenda Muheza unakanyaga vizuri, mshale umetulia, upepo mwanana, alafu ukiingia mjini ukakwama nyuma ya mkokoteni wa maji na baiskeli kumi za Tanga, mshale huo unapanda, unapanda, mpaka unasikia rejeta inaguna kama sufuria la maharage. Unapaki, unafungua boneti, unasubiri, watu wanapita wanakupa pole ambayo si pole.

Fundi wa kwanza alitoa thamostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, akaitupa, wakati gari ilikuwa inachemsha nayo na ikaendelea kuchemsha bila hiyo. Wa pili akasema rejeta imeziba, tukaitoa ikaenda kuzibuliwa, nikalipa, wiki moja baadae iko vilevile. Wa tatu hakugusa hata spana, alitingisha kichwa tu akasema hedi gasketi hiyo, yaani ile karatasi ngumu kati ya hedi na injini imeungua, na kufungua hedi ya mkweche huu ni kutafuta laana, nitakutafutia injini ya Toyota safi kutoka Dar. Na mi nilikuwa nishaanza kukubali, sifichi. Nilikuwa nishaanza kuhesabu hela.

Kilichoniokoa ni harusi. Mtoto wa dada yangu anaolewa Lushoto, na dada akasema anataka bibi harusi apande gari ya babu yake. Sasa Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda na kona tupu, gari inayochemsha kwenye barabara ya Ngamiani utaipandishaje Usambara?

Ndo nikaelekezwa kwa babu mmoja Makorora, kazi ya ufundi alianzia kwenye mashamba ya mkonge zamani. Nilimkuta kakaa kibarazani anamenya chungwa. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba, hakuinuka. Akauliza swali moja ambalo wale watatu hakuna aliyeniuliza.

"Mwanangu, inachemsha ikikimbia au ikienda polepole?"

Nikamwambia ikienda polepole na ikisimama. Akamaliza chungwa lake, akanawa, akaja akaizungusha feni kwa kidole kimoja injini ikiwa imezimwa. Ikazunguka yenyewe laini kabisa. Akacheka. "Feni yako imelala."

Jamani, mi nimekaa na hii gari miaka yote hiyo sikujua kwamba feni ya 404 haizunguki muda wote! Feni za magari mengi ya zamani zinavutwa na belti mwanzo mwisho, hii Wafaransa waliifunga sumaku ya umeme. Injini ikiwa ya baridi feni inaachiwa huru, haili nguvu wala mafuta. Maji yakipata moto kuna swichi inapitisha umeme, umeme unaingia kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo inayoigusa ikizunguka, sumaku inaidaka feni, feni inazunguka na puli. Ukikimbia barabarani upepo unafanya kazi ya feni ndo maana Muheza nafika salama. Mjini upepo hakuna, feni imelala, utachemsha tu.

Babu akaifungua ile kaboni akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imekwisha, imebaki kama kipande cha chaki ambacho mwalimu anakitupa, na kispringi chake kimeshika kutu ya kijani. Hiyo ndo iliyotaka kunifanya niitupe injini ya baba yangu.

Spea yake kuipata Tanga usahau. Babu akanionyesha skrubu tatu mbele ya feni, akazikaza zote mpaka feni ikabanwa na puli moja kwa moja, akasema nenda nayo hivi kwanza. Nikaenda nayo hivyo siku nne, inavuma kama ndege inataka kuruka na petroli inakunywa, ila mshale haukupanda hata mara moja. Siku ya tano nikarudi na kaboni mbili za drili nilizonunua Ngamiani elfu mbili, Babu akanipa msasa akaniambia sugua mwenyewe. Nilisugua saa nzima pale kibarazani, vidole vyeusi, napima, naingiza, imezidi, nasugua tena, yeye anamenya machungwa anasema bado, bado, hapo. Tukasafisha na waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, uliokuwa umeliwa na chumvi, akazilegeza zile skrubu kwa kipimo chake, tukaiwasha tukaiacha ikinguruma imesimama. Mshale ukapanda, moyo wangu nao ukapanda, alafu nikasikia "tak!" na feni ikadaka na majani ya muembe yakaanza kuruka pale chini.

Hela alikataa. Alitaka kuendesha. Nikampa ufunguo akatupeleka Raskazone na kurudi, gia anaibadilisha kwa vidole viwili bila kuangalia.

Lushoto tulipanda, gari imejaa, mabegi na sufuria juu. Kuanzia Mombo nilizima redio nisikilize. Kwenye zile kona za kabla ya Soni lori limetutangulia linatambaa, mshale unakaribia pale ninapopaogopa, gari nzima imenyamaza, hata watoto, alafu "tak!" na mke wangu ndo wa kwanza kupiga vigelegele, eti mwenzangu kaitika.

Mlango wa nyuma bado unafunguka kona za kulia. Bibi harusi aliushikilia kwa kamba ya katani mpaka kwenye nyumba ya harusi, na kamba ipo mpaka leo.