Inua Kichwa, Kama Unalenga

Jana usiku mwanangu aliniletea kebo ya simu. "Baba, mbona hii inachaji nikiikunja tu? Nikiinyoosha inakataa." Niliishika shingoni, pale plagi inapokutana na waya, nikaipinda taratibu. Alama ya chaji ikaja, ikapotea, ikaja. Vidole vyangu vilikuwa vinaijua kazi hiyo, na papo hapo nikawa nimerudi kwenye ule msitu wa misonobari kule Marekani, manyunyu yasiyokoma, na kijana wa Eldoret amelala kifudifudi kwenye tope.

Ilikuwa wiki ya tatu ya majaribio ya Land Warrior, mradi wa jeshi la Marekani wa kumvalisha askari kompyuta. Kila askari alibeba kompyuta mgongoni, redio ubavuni, kipokezi cha GPS begani, na kioo kidogo mbele ya jicho kilichofungwa kwenye helmeti. Kebo moja ilitoka kwenye bunduki kuleta picha ya darubini. Nyingine ilitoka kisogoni mwa helmeti kushuka kwenye fulana ya vifaa. Betri mbili, kila moja karibu kilo. Vyote hivyo vilikuwa na lengo moja: askari aone kwenye ramani wenzake walipo, gizani, bila kuita mtu.

Na mfumo ulikuwa unazima. Kambini haukuzima, wala wakati wa kutembea. Ulizima kwenye shambulio.

Vifaa vilivyorudishwa sisi mafundi tulivipima mezani kama tulivyofundishwa. Unachomoa kebo, unaweka mita kwenye mlio, yaani ilie pale umeme unapopita, ncha moja pini ya kwanza huku, ncha ya pili pini ya kwanza kule, kisha pini ya pili, mpaka mwisho. Zote zililia. Tukavalisha seti kwenye sanamu ya mtu aliyesimama, ikafanya kazi saa sita mfululizo. Tukaandika "hitilafu haikuonekana" na kuirudisha. Baada ya siku kumi na mbili askari wakaacha kutuletea. Wakawa wanachomoa betri na kukunjua ramani ya karatasi, na sikuweza kuwalaumu.

Yule kijana ndiye aliyenifuata. Na wenzangu aliongea Kiingereza, ila hasira zake alizileta kwangu kwa Kiswahili. "Kaka, njoo uone kwa macho yako. Nikilala tu, inakufa."

Nilikwenda. Akakimbia hatua kumi, akajitupa chini, akaegemeza bunduki begani. Kioo kikawa cheusi, na redio ikanyamaza nayo. Hilo la redio ndilo lililonishangaza, maana redio haikuwa na uhusiano wowote na helmeti.

Nikalala kando yake. Maji yaliingia kifuani mara moja. Nikachomoa plagi ya helmeti upande wa fulana, na safari hii sikupima pini kwa pini. Niligusisha ncha moja kwenye pini ya umeme, nyingine kwenye ule wavu wa shaba unaoizunguka kebo. Hapo mita inatakiwa kunyamaza daima. Ilinyamaza.

"Inua kichwa, kama unalenga."

Helmeti ilirudi nyuma ikagonga ukosi wa fulana, kebo ikakunjika katikati yao. Piii.

"Shusha." Kimya.

"Inua." Piii.

Tulirudia labda mara nane. Sikuwa nahitaji mara nane. Nilipapasa kisogo chake kwa kidole nikaona mahali penyewe, kama sentimita mbili chini ya plagi, pale mpira mgumu unapoishia na kebo laini kuanza. Hapo ndipo mkunjo wote unapojikusanya. Kebo ya upana wa milimita 6 inayokunjwa kila siku huhitaji mkunjo wenye nusu kipenyo cha milimita 60 hivi. Yetu ilikuwa inakunjwa kwenye nafasi isiyofika 20. Nyuzi za shaba zilichoka zikakatika mojamoja, na zilizokatika zikatoboa ngozi ya plastiki na kugusa wavu.

Sasa la redio likaeleweka. Kioo, redio na kompyuta vilikula umeme kwenye njia moja, bila fyuzi ya kila tawi. Shoti ya kisogoni ilivuta volti chini, na kompyuta ikizimika hata kwa nukta ya sekunde, inaanza upya kabisa. Kisha GPS nayo itafute setilaiti upya. Setilaiti hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, na chini ya miti iliyolowa taarifa hukatika katikati, unangoja duru nyingine. Mtu amelala mbele ya adui anangoja duru nyingine.

Marekebisho hayakuwa makubwa: plagi ya kiwiko badala ya iliyonyooka, kebo ipite pembeni ya shingo na kuachiwa kitanzi cha ziada, fyuzi ndogo kwa kila tawi ili kioo kikifa kife peke yake. Na kwenye fomu ya vipimo, mstari mpya: mtu halisi, amelala, amevaa kila kitu, anageuza kichwa. Niliupigania huo mstari kuliko fyuzi.

Miaka ile mradi wa Land Warrior ulilalamikiwa sana kwa uzito, na fedha zake zilikatwa mwaka 2007, ingawa kikosi kimoja kiliupeleka Iraki mwaka huohuo. Mrithi wake, Nett Warrior, ameweka simu kifuani mahali pa ile kompyuta. Nilipoona picha zake za kwanza sikuitazama simu. Nilitafuta kebo inayokwenda kwenye redio, nikaiona, nikaangalia inakunjikia wapi.

Bado najiuliza kama tungeigundua ile hitilafu bila mtu wa kunikasirikia kwa lugha yangu. Wale wengine walisema jambo lilelile kwa Kiingereza siku kumi na mbili, nasi tukawajibu kwa mita.

Kebo ya mwanangu nimeikata sentimita mbili chini ya plagi. Kati ya nyuzi za ule waya mwekundu, tatu tu zilikuwa nzima. Alizihesabu mwenyewe.