Simba ya babu, ya baba, na sasa ya binti yangu
Marehemu babu alisema "Sunderland" mpaka mwisho, ingawa jina lilibadilishwa kuwa Simba mwaka 1971. Kidonda cha baba ni fainali ya Kombe la CAF 1993: sare ya 0-0 kule Abidjan, halafu Stella ya Ivory Coast wakatufunga 2-0 hapahapa Dar. Hadi leo akiisimulia, sauti inamkwama. Mimi nina 2003, Cairo, tulipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti, Kaseja akiwa golini. Wallahi usiku ule nyumba nzima hatukulala! Binti yangu naye kaanza na maumivu: Mei 2025, uwanja wa Amaan, Zanzibar, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika: 1-1 na Berkane, waliotufunga 2-0 kwao, kombe likaenda Morocco. Alilia sana. Baba akamvisha skafu yake nyekundu: "Mjukuu wangu, msimu ujao tunaenda wote uwanjani."